Nilishuhudia Nyumba Ambayo Hatukuwa Nayo

Mama Mbambu mpendwa, salamu nyingi kutoka Kisugu, nakuomba uketi kwanza kabla hujanisoma maana maneno yangu ni marefu na sina mwingine wa kumwambia, mume wangu yuko Karamoja kikazi na simu kule inashika pale tu anapopanda kilima, na mchungaji wangu mwenyewe yumo ndani ya jambo hili ingawa ni mtu mwema na namheshimu sana.

Mimi ni Juliet Adyero, wengi wananiita Mama Kidega kwa jina la mtoto wangu wa kwanza, nina watoto watatu, na mume wangu Okwera ni askari. Mpaka juzijuzi tulikaa katika kambi moja upande wa Bugolobi ambayo sitaitaja, ndani ya vile vibanda vya bati vya mviringo tunavyoviita mama-ingia-pole, kwa sababu mlango wake ni mfupi na usipoinama vizuri unaacha ngozi ya paji la uso pale juu. Jina langu unaweza kulichapisha gazetini, waliokuwa kambini wote wanajua ni mimi.

Kazi yangu ilikuwa kufagia ofisi ya mkubwa wa kambi na kuwapikia chai, kwa hiyo masikio yangu yalisikia mengi kabla hayajabandikwa ukutani, uhamisho, vyeo, safari, na watu walinipenda kwa sababu sikuwa na tabia ya kubeba maneno wala kuyatia chumvi, ukiniuliza jambo nakuambia najua au sijui, basi. Nadhani hapo ndipo heshima yangu yote ilipokuwa, na hapo ndipo ilipovunjika.

Tulikuwa na ushirika wa akina mama kila Jumatano mchana katika kanisa letu la mabati, na wewe unajua maisha ya kambi yalivyo, leo umezoeana na jirani hadi mnaazimana sufuria bila kuomba, kesho lori limesimama mlangoni kwake, mume kapelekwa Arua au Moroto, na miaka hii mambo yalizidi, mkaa ulipanda, waume walihamishwa ovyo, wengine walipelekwa ng'ambo kulinda amani, na waliokuwa wakisali nasi walipungua mmoja mmoja. Mimi nikabaki kufungua mlango, kupangusa mabenchi na kungoja. Kuna Jumatano tulikuwa wawili tu, mimi na rafiki yangu Alal, fundi cherehani, naye husema hata wawili ni ibada kisha anaanzisha wimbo kwa sauti yake ile nzito mpaka walinzi wa getini wanaitikia. Nashukuru kwa miaka hiyo, Mama, naishukuru kweli, sijui ningeipitaje bila yeye.

Mapema mwaka huu likatoka tangazo kwamba vibanda vyetu vitaondolewa, magorofa mapya yatajengwa pale pale, familia zitafute pa kukaa, na ujenzi ukiisha baadhi watapewa nyumba, si wote. Tangazo lilikuwa wazi na muda uliotolewa ulitosha, hapo simlaumu mtu. Lakini hofu iliingia kambini, watu hawalali, na mchungaji wetu akatufundisha somo la kushuhudia kwa imani, yaani mtu asimame ashukuru kabla ya kupokea, aseme nimepata kana kwamba ameshashika mkononi, na Jumatano moja Roho alinigusa, au niseme hofu ilinigusa maana sasa sijui tena kuzitofautisha, nikasimama mbele ya akina mama nikasema, "Namshukuru Bwana, nyumba zetu zimetoka, hakuna anayeondoka hapa."

Wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nashuhudia, Mama Mbambu. Wao walisikia habari, kwa sababu msemaji ni yule anayefagia ofisi ya mkubwa na hana kawaida ya kusema asilolijua.

Tulipotoka nje, Concy, dada mmoja mwenye mtoto mchanga, akanivuta kando akaniuliza, "Mama Kidega, hiyo maneno ulisema ni ya ofisi ama ni ya kanisa?" Aliniuliza hivyo hivyo, wazi kabisa, naye ananiangalia machoni. Na mimi nikamjibu, "Concy, wewe amini tu." Akacheka, akasema, "Kale, sawa, nimeamini," akaenda zake na mtoto mgongoni.

Siku zilizofuata niliona watu wameacha kufunga mizigo, waliokuwa wakizunguka kutafuta vyumba wametulia, nikajiambia imani inaenea. Sikujua kwamba Alal alikuwa ameshapata chumba Wandegeya, karibu na hosteli za wanafunzi, chenye kibaraza cha kuwekea cherehani, mahali ambapo asingekosa kazi ya kupunguza suruali na kutia zipu, na kwa ajili ya maneno yangu alimrudishia mwenye nyumba ufunguo akamwambia ampe mwingine. Hakuniambia kwa sababu hakuona haja, nyumba si zilikuwa zimetoka?

Tarehe ya tangazo ikafika kama ilivyoandikwa, asubuhi mashine kubwa ya manjano ikaingia getini, na sisi tulikuwa bado tunachemsha uji. Askari waliotumwa kusimamia hawakuwa wakali, walitusaidia hata kubeba, lakini kazi ilikuwa kazi, na kufikia adhuhuri vitu vyetu vilikuwa barabarani, na mvua ikanyesha. Nimeona magodoro yakinywa maji. Nimeona wanawake waliosali na mimi wakigeuza macho kutafuta ni nani atakayesema kitu, na yakanifikia mimi.

Sasa nikueleze kuhusu Kaltumi, wengine humwita Mama Tamim, Mnubi, Mwislamu, anauza sambusa karibu na geti na ana boma la ukoo wao hapa Kisugu. Alitukuta pale kwenye mvua, akaangalia watoto, akasema, "Watoto hapana lala inje mimi nikiwa hapa. Leta wote." Wote, Mama. Akampigia ndugu yake Jafar mwenye pikapu, tukabebwa kwa zamu, akatandika mikeka sebuleni, akapika chai ya tangawizi na posho, ule ugali wetu, na maharage ya kututosha, na saa yake ya kuswali ilipofika aliswali kwenye pembe ndogo iliyobaki, kisha akatuambia, "Na nyinyi omba ya kwenu, mimi nitanyamazisha watoto." Tukasali nyumbani kwake, naye kambeba mtoto wa Concy anambembeleza ukumbini. Sijawahi kuona jambo kama lile.

Kutoka hapo mambo yamekwenda vizuri kuliko tulivyostahili. Jafar anawafahamu wenye nyumba wengi, karibu kila familia imepata chumba, mimi nimepata vyumba viwili hapa Kisugu, cha mbele kina kibaraza kinachotazama barabara, watoto wanakwenda shule kwa miguu, Concy amepata kazi ya kupika mahali Bugolobi, na kila ninapokutana na akina mama wale hakuna anayenilaumu, wananishika mkono, wananiambia asante kwa kutushikilia wakati wote ule. Concy hunitania, akiniona tu anauliza, "Leo ni ya ofisi ama ni ya kanisa?" na tunacheka, lakini mimi nikifika nyumbani roho inanisuta.

Ila Alal. Yeye anakaa kwa dada yake Kyebando, wamebanana, cherehani imesukumwa chini ya kitanda, na watoto wake wawili wakubwa imebidi awapeleke Pakwach kwa bibi yao katikati ya muhula. Haji kanisani tena, si kwetu si kwingine. Nilimpigia simu kumwomba msamaha, na yeye hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema, "Mimi kwa Mungu sina shida. Shida yangu ni wewe. Lakini sasa nikisikia mtu anaomba, nasikia sauti yako, nashindwa." Kisha akasema mtoto analia, akakata, na tangu hapo hapokei.

Na sasa Jumapili ijayo ni ya shukrani, kanisa letu limepewa mahali pa muda pa kusalia na wote waliotawanyika wamealikwa, na mchungaji ameniomba mimi nitoe ushuhuda mkuu. Nilipomwambia sistahili kwa sababu ya yale niliyosema, akaniambia kwa upole, "Dada Juliet, wewe ulisema nyumba, na leo kila mtu ana nyumba. Si Mungu amefanya? Usichambue sana, utawavunja moyo wachanga wa imani." Na mimi namwelewa, ana kundi lililotawanyika analotaka kulikusanya. Lakini kila nikijaribu kupanga maneno hayo mdomoni namwona Alal.

Kwa hiyo nakuuliza, Mama Mbambu. Nisimame niseme kama mchungaji alivyosema, au nikatae, au nifanye ninachotamani zaidi, yaani nichukue watoto niende Gulu kwa mama mkwe kimya kimya kabla ya Jumapili, watu wa hapa watanisahau? Okwera sijamweleza, nimemwambia tu tumehama salama. Na kuna swali jingine linanitia aibu. Nina shukrani nyingi hata kifua kinajaa, kwa Kaltumi, kwa chumba, kwa watoto kuwa wazima, kwa hao wanaonisamehe. Je, mtu ana haki ya kumshukuru Mungu kwa kuokolewa na kosa lake mwenyewe? Ninapofumba macho nianze kusema asante, naona magodoro, nafumbua macho. Watu wanasema mimi ni imara. Mimi sijui kama bado nina imani au nina mazoea tu ya kufungua mlango.

Ni mimi,
Mama Kidega, Kisugu.

MAMA MBAMBU ANAJIBU

Binti yangu Mama Kidega, nimeketi kama ulivyoniomba, na chai yangu imepoa mbele yangu kwa sababu yako, basi na wewe unisikilize mpaka mwisho.

Kwanza nikutoe wasiwasi kidogo: mama-ingia-pole navijua. Marehemu mume wangu alikuwa askari magereza, na wawili kati ya watoto wangu nimewazaa ndani ya bati kama hilo, wakati wa jua kali mkunga anajipepea kwa sahani. Lori la uhamisho nalijua pia, pamoja na ule uchungu wa kuaga jirani ambaye bado ana sufuria yako. Kwa hiyo usidhani unamwandikia mtu wa magorofani.

Nianze na swali lako la mwisho maana ndilo rahisi, na wewe umelifanya gumu. Unauliza kama mtu ana haki ya kumshukuru Mungu kwa kuokolewa na kosa lake mwenyewe. Mama Kidega, umeokoka mwaka gani? Huo wokovu unaouimba kila Jumatano ulifikiri ni wa kuokolewa na makosa ya jirani? Wote tunaosema asante kanisani tunasema asante kwa jambo hilo hilo moja, wengine tumevaa vizuri tu. Shukuru. Fumba macho, uyaone hayo magodoro, na ushukuru ukiwa unayaona. Asante inayongoja mpaka uwe msafi haitatoka mdomoni mwako maisha yako yote.

Sasa tuje kwenye kosa, maana naona umelibeba lote kwa pamoja na umeshindwa kujua liko wapi hasa. Unafikiri ulikosa uliposimama. Mimi sioni hivyo. Ulisimama katikati ya watu wenye hofu, ukafundishwa ushuhudie, ukashuhudia, basi, moyo wa mtu unaweza kumtangulia, wengi wetu umetutangulia. Ulikosa pale nje, Concy alipokuuliza ni ya ofisi ama ni ya kanisa. Yule binti mwenye mtoto mgongoni alikuwa na akili kuliko kanisa zima mchana ule. Alikupa mlango wa kutokea, akaushikilia wazi, na jibu lake lilikuwa maneno mawili, "Ya kanisa." Ungesema hayo, angecheka vile vile, angeamini vile vile, na angeendelea kutafuta chumba. Imani yake isingepungua hata kidogo. Wewe ukamwambia aamini tu, na kumbe hakuwa anamwamini Mungu pale, alikuwa anakuamini wewe. Watu walikupa imani yao kwa sababu siku zote ulisema najua au sijui, na siku ulipokuwa hujui, uliona aibu kusema hujui kwa kuwa ulikuwa umesimama kanisani. Hapo, binti yangu, nakugombeza, na nakugombeza kwa nguvu.

Nikishagombeza nimemaliza, sitarudia, na wewe usirudie. Maana naona una tabia nyingine inayoniudhi zaidi. Wanawake wale wamekusamehe, wanakushika mkono, wanakutania, na wewe unakwenda nyumbani kuwakatalia. Unajua Concy anakutania kwa nini? Ametafuta njia ya kulisema jambo hilo bila kukuumiza, ili lisije likawa siri kati yenu. Huo ni upendo mkubwa na wa busara, na wewe unaufanya mwiba. Mshukuru. Akikuuliza tena leo ni ya ofisi ama ni ya kanisa, mjibu kwa ukweli, hata kama swali ni la bei ya nyanya.

Habari ya Gulu, futa. Umeishi kambini miaka yote ukililaumu lori, na sasa unataka kujipandisha mwenyewe. Mama mkwe mtembelee wakati wa likizo, umpelekee sukari, urudi. Na Okwera mpigie akiwa kilimani, umweleze yote, usimwache mume wako asikie habari za nyumba yake kutoka kwa askari mwenzake. Atakuuliza tu kama watoto wamekula. Nawajua wanaume wa kule, huo ndio msamaha wao.

Mchungaji wako sitamtukana, hata wewe hukumtukana, na nimekupenda kwa hilo. Kuchunga kundi lililotawanyika ni kazi ya kumtoa mtu mvi. Lakini anakosea, na akiwa ananisoma asome vizuri: wachanga hawavunjwi moyo na mkubwa anayesema nilikosa. Wanavunjwa moyo wanaposikia mimbarini jambo ambalo kila mmoja wao anajua halikuwa hivyo, na wote wanaitikia amina. Wakitoka hapo wanajifunza kwamba kanisani kuna ukweli wa aina yake, na nyumbani kuna mwingine. Siku ya mvua kubwa zaidi hawatamwamini yeyote. Hivyo Jumamosi nenda kwake, kwa heshima, ukae, umwambie utakachosema. Usimwombe ruhusa. Mwambie tu, ili asishtukie mbele za watu. Akisema basi usitoe ushuhuda, kubali, keti kwenye benchi kama wengine, na baadaye uwaambie akina mama mmoja mmoja. Akikubali, sema kwa ufupi. Sema, "Nilisema tumepata nyumba, na sikuwa nimesikia lolote ofisini, nilikuwa naogopa. Baadhi yenu mliumia kwa maneno yangu. Nisameheni." Kisha shukuru, na shukrani yako iwe na majina ya watu. Mtaje Kaltumi kwa jina lake, useme kwamba mama Mwislamu alibeba mtoto wetu ili sisi tusali, maana hilo Mungu alilifanya kweli na tuliliona wote kwa macho. Mtaje Jafar na pikapu yake. Usipake rangi. Mambo yaliyotokea yanatosha kabisa kumshukuru Mungu, huhitaji kumsaidia kwa yale ambayo hayakutokea.

Na mimi nikiwa hapa nikushukuru. Nimesoma barua nyingi za watu waliovunjika moyo na kanisa, na wengi wananiandikia kuniambia wengine walivyokosa. Wewe umeniandikia juu ya watu waliokutendea wema, kurasa nzima, mpaka nikajikuta namwombea mama ninayemjua kwa sambusa tu. Mtu asiye na imani hawezi kuona wema mwingi hivyo katika siku moja ya mvua. Kwa hiyo ile shaka yako ya mazoea, iache. Kufungua mlango, kupangusa benchi na kungoja hata akija mmoja, ukiwa huna hamu, mume yuko mbali na mkaa umepanda, wewe ulifikiri imani ni kitu gani kingine?

Sasa Alal. Nimemwacha mwisho kwa sababu ndiye wa kwanza, na mengine yote niliyokuambia hayana maana usipomfikia kabla ya Jumapili. Haiwezekani usimame mbele ya mkutano uombe msamaha kwa wote, wakati yule aliyeumia kuliko wote yuko Kyebando hasikii. Hiyo itakuwa toba ya kupigiwa makofi.

Kwa simu umemwomba msamaha, na maneno ya simu ni mepesi. Nisikilize. Wewe una vyumba viwili, na cha mbele kina kibaraza kinachotazama barabara. Yeye ana cherehani chini ya kitanda cha watu na watoto wake wako Pakwach. Sihitaji kukuchorea. Nenda umwambie, "Chumba cha mbele ni chako, njoo na watoto, mpaka utakapopata kwako." Najua mtabanana. Watoto watatu na wewe katika chumba kimoja, mtu akigeuka wote wanageuka, na Okwera akija likizo mtatafuta pa kuweka miguu yake. Zungumza naye kwanza akiwa kilimani, ni nyumba yake pia, lakini zungumza ukiwa umeshaamua. Alikuamini akapoteza kibaraza, nawe una kibaraza.

Ukienda usibebe Biblia. Hajaikataa, amekuambia mwenyewe kwamba kwa Mungu hana shida. Lakini amekuambia pia kwamba akisikia maombi anasikia sauti yako, basi hiyo sauti ipumzishe. Usimwombee, usimwambie Mungu ana mpango, usilie mpaka ikabidi yeye akubembeleze. Ukikuta ana nguo za kufua, fua. Ukikuta ana maharage ya kuchambua, kaa chini uchambue. Mwambie kuhusu chumba mara moja, kwa maneno machache, kisha unyamaze.

Anaweza kukubali, na nitafurahi. Lakini huenda akakataa, na ana haki. Huenda akakuambia ondoka, na ukiambiwa hivyo, ondoka kwa adabu, chumba cha mbele ukiache bila kumpangisha mtu, na Jumatano unayoijua wewe, saa ile ile mliyokuwa mkikutana wawili, urudi Kyebando. Akikufukuza tena, nenda, na Jumatano nyingine urudi. Usimsumbue, usisimame mlangoni kama mdai. Mletee unga wa uji wa mtoto, msalimie dada yake, uende zako. Mchana huo ushirika uongozwe na Concy, ataweza.

Inaweza kuchukua mwaka. Alal anahitaji kuona kwamba kuna kitu ulichosema kikawa kweli, kisha kingine kikawa tena, mpaka siku moja akisikia hatua zako nje asijiulize kama kweli ni wewe.

Mama Mbambu